Saqf Iliyogeuka Sakafu

Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliieleza Siraf, bandari tajiri ya upande wa Uajemi katika Ghuba, kuwa mji wa nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Nchi ya Zanj ni pwani yetu hii. Kwa hiyo zamani sana, karne nyingi kabla sultani yeyote wa Omani hajafikiria kuhamia Unguja, walikuwapo matajiri wa Ghuba waliolala chini ya miti iliyokatwa Afrika Mashariki. Tumezoea kuanza habari ya maneno ya ujenzi kwa kusema Waarabu walituletea. Mimi naona ianze na kile tulichowapelekea.

Biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Majahazi yaliingia na kaskazi yakapakua tende, chumvi na papa mkavu, yakangoja kusi, kisha yakarudi yamesheheni mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji. Miti ilipangwa kwa unene na kila unene ukawa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Huko Kuwait, Bahrain na Dubai iliitwa chandal, na ndiyo iliyobeba mapaa ya nyumba za kale kabla ya enzi ya mafuta. Mkoko ulionyooka na ulio imara haupatikani kwa urefu wowote autakao mtu. Mita tatu hivi, au pungufu. Ndiyo maana chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu ni chembamba na kirefu, na chumba cha nyumba ya kale ya Dubai nacho ni hivyo hivyo. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Wote wawili waliukubali mti.

Ndani ya majahazi hayo hayo walisafiri mafundi, mabaharia na wafanyabiashara, na pamoja nao majina ya vitu. Lakini majina hayakuikuta pwani uwanja mtupu. Tazama nyumba ya udongo, ile ambayo hadi leo utaiona ukiiacha barabara kuu ya Bagamoyo au Kwale. Nguzo husimikwa, fito hufungwa, udongo hukandikwa, paa huezekwa kwa makuti, na mlango huwekwa kizingiti na miimo. Nyumba, ukuta, paa, nguzo, udongo, jenga: Mswahili hakwenda kuyaomba hayo kwa mtu yeyote. Jambo lililokuja kubadilika ni jiwe.

Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale. Ile ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo. Baadaye ukaja msikiti wa matumbawe, yaani mawe yaliyokatwa baharini yangali hai. Jiwe la namna hiyo likiwa na maji huchongeka kwa urahisi, na likikaa juani huwa gumu, na kwa sababu hiyo mihrabu za kale zina nakshi nyembamba ambayo mtu angedhani ni ya mbao. Msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107, yaliyochongwa kwa mkono usiotetereka hata kidogo. Baadaye kuta zenyewe zilijengwa kwa mawe ya mwamba wa nchi kavu yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na matumbawe yakabaki kwa kazi ya kupendeza.

Hapo ndipo Kiarabu na Kiajemi vilipopata kazi. Mnara, mihrabu, kuba: haya yalikuja na dini na hayakuhitaji kubadilishwa, kwani kitu na jina lake vilifika siku moja. Yanayonivutia zaidi ni yale yaliyofika yakahama mahali.

Kwa Mwarabu, saqf ni paa au dari; ni kitu kilicho juu ya kichwa chako. Ibn Battuta, alipopita Kilwa mwaka 1331 na kueleza nyumba za mji ule, alitumia neno hilo kwa mapaa ya majani aliyoyaona. Kwa Mswahili, sakafu ni kitu unachokanyaga. Wapo wanaosema wahenga walisikia vibaya. Ni maelezo ya kivivu. Fikiria namna nyumba ya mawe ilivyojengwa. Boriti zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakalazwa mawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto. Kisha watu walijipanga kwa mistari, fimbo bapa mikononi, wakaipiga chokaa ile kwa siku kadhaa, wakienda mbele na kurudi nyuma kwa mwendo wa wimbo, mpaka ikashikana na kukataa maji. Kazi ilipokwisha, aliyekuwa chini aliita kile kilicho juu yake saqf, na hakukosea. Lakini mwenye nyumba alipopata mtoto wa kuoza, akajenga vyumba juu yake, saqf ile ile ikawa mahali pa kutandika mkeka. Katika nyumba ya udongo hakuna kitu kama hicho: paa la makuti ni paa, chini ni chini, wala havikutani. Neno la kigeni lilishikwa kwa kitu kigeni, yaani tabaka gumu lililopigwa kwa chokaa, liwe juu au liwe chini. Paa likabaki na jina lake la kwanza kwa sababu lilikuwa na kazi yake tangu mwanzo.

Ghorofa nayo ina kisa kama hicho. Katika Kiarabu cha leo ghurfa ni chumba chochote, hata cha hoteli. Katika Kiarabu cha kale kilikuwa chumba cha juu, na huko juu ndiko Mswahili alikolichukua neno, akalitanua likawa tabaka zima la nyumba. Kenya wengi wakaita orofa. Dirisha ni la Kiajemi, kutoka daricha, mlango mdogo. Shubbak ya Kiarabu, ambayo ndiyo dirisha lenyewe, ilipofika ikakuta nafasi imekwisha kushikwa. Ikaenda kukaa kwenye tundu la ukutani na kidirisha kidogo, ikaitwa shubaka. Na msumari, kutoka mismar, uliingia katika pwani ambayo mafundi wake walikuwa wakishona vyombo vyao, mitepe, kwa kamba za nazi bila kugonga chuma hata kimoja.

Ukitaka kuona jinsi kazi ilivyogawanywa, simama mbele ya mlango wa nakshi, wa Lamu au wa Mji Mkongwe. Kizingiti, miimo, na ule mti wa katikati uitwao mfaa, vyote ni vya nyumbani. Nakshi ni ya Kiarabu. Bawaba ni ya Kiarabu pia, ingawa kule kwao bawwaba ni lango lenyewe, na huku imekuwa kile kipande cha chuma kinachoufanya mlango ufunguke. Kufuli ni ya Kiarabu. Mbao za mlango zina majina yetu, na chuma na pambo vina majina ya wageni. Sidhani kuna aliyekaa akapanga iwe hivyo.

Turudi kidogo kwa Ibn Battuta, maana ametusumbua wengi. Alisema Kilwa ni mji mzuri na umejengwa kwa mbao. Wakati huo huo, mwendo mfupi kutoka hapo, ilikuwapo Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane la kuogea, lote la mawe na chokaa. Husuni ni hisn, ngome, japo jumba lenyewe lilikuwa la starehe na biashara zaidi ya vita. Je, mgeni huyu hakuliona? Nadhani aliliona, lakini aliona pia mji uliolizunguka, na mji huo ulikuwa wa fito na udongo kama miji mingi ya pwani. Tunaosimama leo kwenye magofu tunadanganyika kwa upande wa pili: jiwe limebaki, udongo umerudi ardhini, nasi tunafikiri wote waliishi katika mawe.

Wareno nitawapita haraka, kwa sababu walijenga sana na wakaacha maneno machache. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianzishwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ikawatoka mikononi mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili. Neno lao kubwa la ujenzi kwetu ni gereza. Lilikuwa igreja, kanisa. Watu wa pwani walilisikia likitajwa ndani ya kuta za ngome, wakaita ngome yote hivyo, na kule Kilwa Kisiwani ngome ya ufukweni bado inaitwa Gereza. Kisha ngome ya Mombasa ikafanywa jela na Waingereza tangu 1895 hadi 1958, na neno likafungiwa humo moja kwa moja. Wareno walituachia pia parafujo na bomba, na fundi hawezi kuwadharau kwa hayo mawili.

Karne ya 19 ndiyo iliyojenga Mji Mkongwe kama tunavyoujua. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na Omani nzima ikaonekana kuja na namna zake za kukaa. Sebule ni sabla, ukumbi wa wanaume wa vijiji vya Omani, ambamo wageni hupokewa na mashauri hukatwa. Lamu walisema sabule, chumba cha mgeni asiyeruhusiwa kupita ndani. Baraza linafanana na barza, kikao cha mtawala na raia wake; huku likawa pia kile kibenchi cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele, mahali pa kahawa na bao. Saruji nayo ilitoka huko. Sarooj ya Omani ni udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, usiopitisha maji. Kwa huo walijenga mifereji ya aflaj na mabirika yao. Neno lilikaa kimya katika Kiswahili, likingoja kazi kubwa zaidi.

Nani aliyebeba mawe hayo yote? Kamusi haisemi, lakini neno moja linasema. Barua ni ya Kiarabu. Kibarua ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya siku ili siku yake ihesabiwe. Katika Unguja na Mombasa ya karne hiyo, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakajenga mchana na jioni kukabidhi sehemu ya ujira. Wanawake walibeba mawe na chokaa kichwani, wakapiga sakafu kwa zile fimbo nilizozitaja. Nyimbo zao husifiwa katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu, nami nazisoma sifa hizo kwa shaka. Mtu anaweza kuimba kwa sababu wimbo ndio unaozuia mikono isipishane.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo, jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana liliwekwa mahali palipokuwa soko, Mkunazini. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa amechapisha kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili na ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu. Namtaja kwa sababu huyu ndiye mtu mmoja ninayemjua ambaye alikusanya maneno ya Kiswahili kwa mkono mmoja na kujenga kwa mwingine. Alikuta kuta za matumbawe na chokaa, mafundi wa mji, na desturi ya boriti ambayo isingeweza kufunika kanisa pana kiasi kile. Akaamua paa liwe la kuba ndefu, kama pipa lililokatwa katikati, la matumbawe yaliyopondwa na kushikanishwa kwa simenti ya Portland. Simenti hiyo ilikuwa imepewa hataza Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin, fundi mwashi wa Leeds. Yasimuliwa kwamba watu wa Unguja walingoja siku ya kuondoa majukwaa ili waione kuba ikianguka. Haikuanguka. Yasimuliwa pia kwamba Steere aliposafiri, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, na ndivyo zilivyo hadi leo. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Kuba ya Mkunazini ni jiwe letu na simenti yao katika mchanganyiko mmoja. Mwaka mmoja baada ya kifo cha Steere, Barghash alijenga Beit al-Ajaib ufukweni, na yeye akaenda mbali zaidi: nguzo za chuma cha kumimina, mihimili ya chuma, vyumba vya upana ambao hakuna mkoko ungeubeba. Jumba lile lilipewa jina la Kiarabu, ingawa mifupa yake ilikuwa ya viwanda vya Ulaya. Usiku wa utawala wa boriti ulianzia hapo.

Kabla Kiingereza hakijashika, walipita Wahindi, na mchango wao haupewi haki yake. Walikuwa waashi na maseremala wa Unguja, kisha wakaja kwa maelfu kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Randa ya seremala ni yao. Lipu ni yao, kutoka kitenzi cha kupaka ukuta. Kenchi, zile mbao zilizounganishwa pembetatu kubeba mabati, kwa Kihindi ni mkasi, na ukizitazama kutoka chini utakubali. Hata hivyo fundi wa Tanzania akifunga kenchi na kugongelea mabati, kazi yake bado huitwa kupaua. Pau zenyewe, zile za mikoko, hazimo tena juu ya nyumba yake.

Kiingereza kiliingia kwa njia mbili, na tofauti yake inaonekana hadi leo. Njia ya kwanza ni ofisi. Mwenye kupewa kazi ya kujenga kwa mkataba akawa mkandarasi: neno la Kiingereza lililovishwa kiambishi cha Kibantu mpaka mtu akasahau lilikotoka. Anafanya kazi na mhandisi, ambaye ni wa Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu kuna neno la Kiajemi la kipimo. Mbele yao kuna ramani. Rahmani ilikuwa kitabu cha manahodha cha kuongozea vyombo baharini, kutoka Kiajemi tena, nasi tumeikunjua juu ya meza tukaitumia kuonyesha choo kitakaa wapi. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Soma jina hilo polepole: ubao wa Kiingereza, daftari la Kiarabu, mkataba wa Kiingereza, na viungo vyote vya Kibantu.

Njia ya pili ni saiti. Huko hakuna bodi. Kuna linta, bimu, kolamu na slabu, kuna futi na inchi, kuna fundi na saidia fundi. Nairobi kuna kazi ya mjengo na mawe ya tisa kwa tisa. Maneno haya yameshika sehemu moja mahsusi ya nyumba, ile inayofichwa ndani ya zege. Lakini chuma kinacholazwa humo Tanzania hakikuitwa kwa Kiingereza. Kiliitwa nondo, jina la joka la hadithi. Na tabaka la zege la chini, kabla kuta hazijapanda, linaitwa jamvi. Fundi wa leo anamwaga jamvi kama babu yake alivyolitandika, wala hakungoja mtu amtungie istilahi.

Simenti yenyewe iliacha kuja na meli. Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiwanda kilianza kuzalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Malighafi ya viwanda hivyo ni chokaa ya miamba ya matumbawe ya kale, lile lile jiwe la Shanga na Kizimkazi, safari hii likisagwa na kuchomwa kwa joto ambalo tanuu la magogo lisingelifikia. Bidhaa hii ilihitaji jina katika magazeti na hotuba, na neno la Omani lililokuwa limelala likaamshwa: saruji. Kwenye taarifa ya habari ni saruji. Dukani, ukiomba mifuko kumi, mara nyingi utajibiwa kwa simenti. Sioni haja ya kumsahihisha mwenye duka.

Huko Ghuba nako zege liliingia na mafuta, na mahitaji ya mikoko yakapungua. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje, na safari ndefu iliyoanza na Siraf ikaishia kwenye tangazo la serikali.

Upande wa Unguja, simenti ilileta maradhi yasiyotarajiwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya simenti, ambayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipumui, maji na chumvi hubaki ndani, jiwe huliwa, lipu hubanduka kwa mapande. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitibiwa hivyo katika miaka ya baada ya Mapinduzi, kwa nia njema na simenti nyingi. Ilipoundwa mamlaka ya kuhifadhi mji huo mwaka 1985, na baadaye taasisi ya Aga Khan ilipolikarabati jengo la zahanati ya zamani kwenye barabara ya Mizingani, chokaa ilirudishwa kazini, na mafundi vijana wakafundishwa kuichoma, kuizimisha na kuipaka.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo mazungumzo ya namna ya kulisimamisha tena jumba la Barghash yamekuwa ya lugha zote kwa pamoja: wahandisi na makandarasi, mihimili na nguzo, nondo na chokaa. Nyaraka za zabuni zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kukabidhi. Chokaa nzuri, ikishazimishwa, hutakiwa kulala shimoni miezi kadhaa kabla fundi hajaitia mwiko, na hakuna kifungu cha kandarasi kinachoweza kuiharakisha.